Ni Nani Anayemleta Mtoto Huyu

Kambi ya wafanyakazi, shamba la kahawa,
Ruiru,
Jumapili baada ya ibada.

Mke wangu, Mama Ezra,

Barua hii iwakute mmeshiba na mnacheka, wewe na Ezra na yule mdogo ambaye bado sijamwona. Mimi mwilini ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa ukungu kimeniacha, labda kimechoka nami. Habari za mama na magoti yake? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa au bado anatuzungusha? Nijibu yote, moja moja. Usiniandikie tena "wote hawajambo" halafu ukanyamaza, kama ulivyofanya mara ya mwisho. Mtu aliye mbali anataka kujua hata ni kuku gani amekufa.

Sasa kaa chini. Kama una chungu motoni, kiipue kwanza. Nataka ulisikie jambo hili kwangu kabla Simiyu hajafungua kinywa, maana unamjua ndugu yangu Simiyu, hawezi kubeba neno toka mlangoni hadi jikoni bila kulimwaga. Ndiye aliyekuletea barua hii mkononi, na kwa sababu ni mkononi nitaandika bila kuogopa kufunguliwa njiani. Mama Ezra, sitakuja Pasaka.

Najua umekwisha kukandika nyumba. Najua umemzuia mtoto asibatizwe Krismasi ili nije mimi mwenyewe nimpe jina, na kila mtu kanisani amekuuliza huyo baba yuko wapi, nawe ukajibu, "Pasaka." Sikukataa kuja. Livu ya kuja nyumbani nilikuwa nimepewa kabisa, nami nikaipoteza kwa kinywa changu mwenyewe. Nipe nafasi nikueleze, kisha unitukane. Nitukane kwa Kiteso. Maisha yetu yote tumeyajenga kwa Kiswahili tangu kule hospitali ya misheni, wewe ukichota maji na mimi nikipaka kuta chokaa, lakini hasira zako umezibakiza kwa lugha ya mama yako. Siku hizi natamani hata hizo.

Hapa msimu umekwisha. Tunavuna mabaki tu, na kiwanda hakifanyi kazi kila siku. Asubuhi ukungu ukiondoka unaona kilima cha Kilimambogo upande wa kuchomoza jua. Nilipokuja kilikuwa kikinidanganya. Naamka na usingizi machoni, nadhani ni Masaba, mlima wa kwetu, nadhani nikigeuka nitakusikia ukimfokea Ezra kwa sababu ya maziwa. Halafu naona ni kifupi, kimesimama peke yake uwandani, na moyo unashuka. Siku hizi hakinidanganyi tena, na hilo nalo linanihuzunisha.

Chakula ni posho na maharagwe, maharagwe na posho. Mrenda, ile mboga yetu, hawaujui. Nilimwelezea mama mmoja hapa jinsi mrenda ulivyo, unavyoteleza wenyewe kooni, akaniuliza kama ni dawa ya tumbo.

Huyo alikuwa Mama Wambui, na ni lazima nikueleze habari zake kwa kuwa yeye ndiye chanzo cha barua hii. Mumewe, Baba Wambui, ni mzee wa Kikuyu ninayeosha kahawa naye. Walikuwa kati ya Wakikuyu wachache waliobakizwa shambani. Wengine walichukuliwa na serikali hali ya hatari ilipochacha, wakapakiwa kwenye malori, na sisi watu wa magharibi tukaletwa kujaza nyumba zao. Nyumba ninayolala mimi, kwenye mwimo wa mlango kuna alama za mkaa, za kumpima mtoto anavyokua. Mstari mmoja juu ya mwingine, halafu basi. Sijui ni mtoto wa nani wala yuko wapi. Nilipopaka chokaa niliuruka ule mwimo.

Baba Wambui ni mtu wa Yesu, na amepigwa pande zote mbili. Watu wa msituni, wanaopigana na Wazungu, walimtaka ale kiapo chao, akakataa, wakamchomea ghala. Serikali nayo inamwona ni Mkikuyu tu kama wengine, na kila akitoka kiwandani anapekuliwa mpaka ndani ya kofia. Ndugu zake wanakaa katika kile kijiji cha ng'ambo ya mto kilichozungushiwa handaki, hawaji kwake. Siku moja tukiwa mferejini nikamwuliza, "Baba, unawezaje?"

Akaendelea kusukuma kahawa. "Mimi sina akili mingi," akasema. "Namfuata tu. Akisimama, nasimama. Akienda, naenda. Kujua njia ni kazi yake."

Nilingoja aongeze kitu, maana unanijua, mimi napenda mahubiri marefu. Hakuongeza. Alinionyesha kahawa iliyokwama kwenye kona, nikaenda kuisukuma.

Ngoja nikueleze kazi yenyewe, nawe ujue mumeo anashinda wapi. Buni zikishamenywa na mashine, zinalazwa kwenye matangi mpaka ule ute uchachuke. Kisha tunazifungulia mfereji wa maji, sisi tumesimama ndani na buti za mpira, tunazisukuma na vibao vyenye mpini mrefu. Punje nyepesi, zile tupu, zinaelea juu na kwenda zake. Nzito zinazama. Zinazozama ndizo kahawa. Mwanzoni nilikuwa nikizionea huruma zile zinazozama, mtu akili yake ikiwa nyumbani huwaza mambo ya ajabu.

Kila mchana Mama Wambui alikuwa akiacha meza za kuchambulia, anatuletea uji wake wa kuchachusha ndani ya kibuyu, mumewe na mimi. Nasi tukinywa, yeye anauliza habari za mtoto wetu kana kwamba ni mjukuu wake. Ameanza kukaa? Anacheka na watu au ana kiburi? Ameota jino? Mimi nitajua wapi, Mama Ezra? Nilikuwa napima miezi kichwani na kubuni. Nikamwambia ameota mawili, ya chini. Barua yako ilipofika na kusema ameota mawili, ya chini, niliacha kazi nikakimbia hadi kwenye meza kumwambia, na yeye akanipa mkono kama mtu aliyefaulu mtihani.

Sasa unakumbuka kanisani kwetu, kasisi akifika kwenye maji anauliza, "Ni nani anayemleta mtoto huyu?" Na baba anasimama, anajibu watu wote wasikie, "Ni mimi." Wakati wa Ezra nilijibu kwa sauti ya panya, mpaka kasisi akauliza tena, na mama yangu hajanisamehe hadi leo. Basi safari hii nilisema nitanguruma. Nilikuwa nafanya mazoezi mferejini. Baba Wambui anakuwa kasisi, anakunja uso na kuuliza. Mama Wambui anashika kibuyu cha uji mikononi kama mtoto, tena anakibembeleza. Nami nasimama ndani ya maji na buti zangu, nasema, "Ni mimi." Mzee anatikisa kichwa. "Bado. Hiyo ni sauti ya mtu anaomba chumvi." Tunarudia. Wachambuzi kule mezani walikuwa wanaacha kazi kutucheka.

Bwana wa shamba alikuwa amenikubalia. Ningeondoka juma la kabla ya Pasaka, nipande treni Ruiru, nibadilishe Nairobi. Nilikwenda kwa Mhindi pale stesheni nikanunua kitambaa cheupe cha ubatizo. Nilikuwa nakifungua kila jioni kukitazama, mpaka Simiyu akaniambia nitakichakaza kabla mtoto hajakivaa.

Halafu Mama Wambui akafa.

Ilikuwa mchana, akiwa palepale mezani pa kahawa. Alisema amechoka, akaketi chini, akaegemea mguu wa meza. Binti yake Wambui alidhani amesinzia, akamwacha apumzike. Tulipombeba kumpeleka nyumbani kwake mkono wake ulikuwa bado umefumba punje kadhaa.

Sasa sikiliza jambo la watu hawa, na usiwacheke, kila watu wana hofu yao. Zamani Wakikuyu hawakugusa maiti. Ulikuwa unajisi mkubwa. Waliobatizwa ndio wanaozika, na hata wao huzika upesi na kimya, sala fupi, wimbo mmoja, kila mtu kwake. Lakini Wakristo wenzake mzee wametawanywa, wengine wako vizuizini, wengine vijiji vya mbali wasikoweza kutoka bila pasi. Ndugu zake wa damu walipopata habari walikuja mpaka kwenye seng'enge ya kambi, wakasimama upande wa pili wakitazama. Hawakuingia. Wengine walimwogopa maiti na wengine waliiogopa sheria, maana sheria haitaki Mkikuyu awe na kundi la watu uani kwake. Basi mzee akawa ameketi mlangoni peke yake, ametazama chini, binti ndani na mama yake.

Wewe unajua matanga ya kwetu. Mtu hafi akaachwa hivyo. Hata yule mlevi aliyeiba mbuzi wa baba, alipokufa tulijaa kwake mpaka uwanja ukakosa nafasi. Mimi sikuweza kumtazama yule mzee. Nikaenda kambini kwa wenzetu nikawaambia, "Yule mama wa uji amelala. Twendeni tukae na mzee." Hakuna aliyebisha. Wanaume waliacha majembe, wanawake wakajifunga leso viunoni, tukateremka wote kama tunavyoteremka nyumbani. Sikufikiri. Hapo ndipo kosa lilipoingia, sikufikiri kwamba hapa si kwetu.

Maana wanawake walipofika uani walifanya wanalolijua. Mama mmoja wa Kakamega, mnene, mwenye kifua kama tarumbeta, akashika kichwa akapiga nduru, na wenzake wakampokea. Sauti ile ilipanda, ikavuka mto. Kwetu nduru hiyo inasema, tumekuja, hauko peke yako. Hapa, siku hizi, nduru ina maana moja tu, kwamba watu wanachinjwa. Nilimwona Baba Wambui akiinua uso, ameshtuka, ananyoosha mkono kutuambia tunyamaze, na kabla mkono haujafika juu tukasikia filimbi.

Walinzi wa serikali walikuja mbio kutoka pande zote, hao wanaoitwa homugadi, na bunduki na mapanga, wakidhani wataikuta damu. Walipokosa damu walikasirika zaidi. Tuliketishwa chini juani, mikono kichwani, wanaume na wanawake. Ndugu za mzee kule kwenye seng'enge waliketishwa nao palepale walipo. Yule mama wa Kakamega alikuwa bado analia, sasa kwa sauti ndogo, hajui kama analilia maiti au anajililia mwenyewe.

Kisha gari la bwana likafika. Uso wake ulikuwa mwekundu, nafikiri naye aliogopa njiani. Hakuuliza nani amekufa. Aliuliza, "Nani kubwa ya hii maneno?"

Mkubwa wa walinzi akamnyooshea Baba Wambui kidole. "Ni huyu, bwana. Boma ni yake. Ndiye amekusanya watu."

Mama Ezra, kila aliyekuwa pale alijua maana ya maneno hayo. Mkikuyu aliyekusanya watu anapanda lori jioni hiyohiyo, na hakuna anayekwambia limekwenda wapi. Wambui angebaki na maiti ya mama yake ndani, bila hata baba. Nikamtazama mzee, nikifikiri atajitetea. Alikuwa anatazama mlango wa nyumba yake.

Nyapara wetu alikuwa ameketi nyuma yangu. Ananipenda, ni mtu wa Mumias. Akaninong'oneza, "Enoka, nyamaza. Livu yako iko mezani kwake. Wewe huhusiki na mambo ya hawa."

Nami nilinyamaza. Nataka ulijue hilo, usije ukasikia hadithi ya shujaa kutoka kwa Simiyu. Nilinyamaza nikawaza meno mawili ya chini. Niliwaza kitambaa cheupe. Niliwaza mguu wako ukitoka kizingitini kunipokea na unga mikononi. Kisha nikamkumbuka yule mwanafunzi aliyekuwa anaota moto uani usiku ule Bwana Yesu alipokamatwa, wakamwuliza kama anamjua. Nimehubiri habari zake kila Ijumaa Kuu tangu nipewe kazi ya kuhubiri, na nimemchapa sana. Nilikuwa nikisema, mtu gani huyu, kula naye miaka yote halafu kumkana mbele ya kijakazi. Pale chini, mikono kichwani, nilimwelewa kabisa. Alikuwa na nyumba yake, labda alikuwa na mtoto. Alitaka tu kwenda kwao.

Bwana akauliza tena, kwa ukali, "Nasema nani kubwa?"

Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi."

Ilitoka kubwa. Ilitoka ileile niliyoifanyia mazoezi mferejini, ikajaa uwanja mzima, mpaka mimi mwenyewe nikaishangaa.

"Wewe nani?"

"Enoka, wa kiwandani. Mimi nimewaita hawa wote. Mzee hakuita mtu. Kuna mama amekufa ndani, na sisi kwetu ndivyo tunavyolia."

Bwana alikwenda akachungulia mlangoni. Alikaa hapo kidogo. Aliporudi uso ulikuwa umepungua wekundu, lakini unajua mtu mkubwa akishakasirika mbele ya watu hawezi kurudi mikono mitupu. Akasema, "Zika leo. Watu tano, basi. Wengine rudi kazi." Halafu akanigeukia. "Na wewe, hapana livu. Hapana Pasaka. Kaa hapa mpaka kahawa ingine imekwisha."

Kahawa nyingine, Mama Ezra, ni hadi baada ya Krismasi. Mtoto atakuwa anakimbia. Ataniona mlangoni na atakukimbilia nyuma ya sketi, na atakuwa na haki.

Tulikuwa watano: mzee, Wambui, Simiyu, yule mama wa Kakamega na mimi. Tulimwosha sisi, tukambeba sisi. Tulimpitisha kando ya seng'enge walikokuwa bado wameketi wale ndugu. Walinzi hawakuwaruhusu kusimama. Tulipofika usawa wao mmoja akavua koti lake, koti zuri la kanisani, akalitupa juu ya seng'enge likaangukia upande wetu. Baba Wambui alilichukua akamfunika nalo mkewe. Tukamlaza karibu na mto, mwisho wa mistari ya kahawa, na mama wa Kakamega akaimba kwa sauti ndogo ambayo hata mlinzi aliyesimama naye hangeweza kuilalamikia.

Mzee hakunishukuru, nami nilifurahi kwa hilo. Kesho yake tulikuwa mferejini kama kawaida, na mchana ulipofika tulisimama wote wawili tukitazama njia ya kwenye meza, hatujui la kufanya. Siku zilizofuata Wambui akawa analeta kibuyu yeye. Bado hajui kipimo, uji wake unachachuka mpaka unakunja uso. Tunaunywa wote.

Sasa nikuambie la moyoni. Nilimkasirikia Yesu. Juma lile lote nilipoomba, niliomba kwa ghadhabu. Nilimwambia, wewe ulifuatwa na watu walioacha nyavu zao, sawa, lakini je, kuna mtoto aliyewahi kukungoja wewe kizingitini? Hakunijibu, nami sikuomba radhi. Nilipookoka nilidhani kumfuata ni kuimba na kuacha pombe. Kuacha pombe kulikuwa rahisi, hata hivyo ilikuwa inaniumiza tumbo. Hakuna aliyeniambia kwamba siku moja nitatakiwa nitoe neno nililokuwa nimemwekea mwanangu, nilitoe mahali pengine, kwa ajili ya mtu mwingine, na nirudi nyumbani mikono mitupu. Hata nyumbani kwenyewe sikurudi.

Lakini mzee huyu hunifanya nione haya kwa kukaa kimya. Jana aliniona nimesimama tu, nimeacha kahawa ipite. Akaniuliza, "Unafikiri mtoto?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mimi nafikiri mama." Tukafikiri wote, maji yakipita. Kisha tukarudi kazini. Sijui kama hiyo ni sala, lakini baada yake nililala vizuri kwa mara ya kwanza.

Usidhani nimetulia. Sijatulia. Nina hamu nawe mpaka inanichosha. Nikiona mwanamke yeyote amejitwika kuni na anatembea upesi, natazama kama ni wewe, ingawa najua uko mwendo wa treni usiku na mchana. Natamani kusikia jinsi unavyokohoa kabla ya kuniambia jambo nisilolipenda. Natamani kugombana nawe juu ya ng'ombe. Ningekuwa na mabawa ningekuwa hapo, ila mabawa yenyewe yangehitaji pasi.

Basi fanya hivi. Usiahirishe tena ubatizo. Kitambaa anacho Simiyu, aliyepewa livu yangu, kwa kuwa nafasi moja ya livu kiwandani ilikuwa imekwisha kukubaliwa, naye nyapara hakutaka ipotee. Usimkasirikie, alilia kuliko mimi. Ndani ya kitambaa utakuta shati langu la kazi. Sikulifua. Lina jasho na lina harufu ya kahawa iliyochacha, utasema linanuka, na ni kweli linanuka. Mfunike nalo mtoto anapolala. Nikija nataka awe amekwisha kunizoea kwa pua, hata kama kwa macho atanikataa.

Jina la ubatizo ninalompa ni Damari. Nyumbani aendelee kuitwa Nekesa, aliyezaliwa wakati wa mavuno, hilo ni lake na la kwetu. Mama atauliza, Damari ni nani katika ukoo wetu? Mwambie ni mama aliyekuwa akiuliza kila siku kama mjukuu wake ameota meno. Atanung'unika kidogo, kisha atakubali, unamjua.

Nisalimie baba yako, mzee wangu wa upande wa mpaka, umwambie bado nakumbuka deni la mahari na nitakuja kwake tukae chini tulizungumze. Mwalimu wa kanisa mwambie kiti changu cha nyuma asimpe mtu. Dada yangu mkubwa, anayekusaidia shamba, mpe sabuni aliyobeba Simiyu. Mama mshike magoti yote mawili kwa niaba yangu. Ezra mwambie hivi: baba anasema wewe ndiye mlinzi wa mtoto, na aache kumpanda ng'ombe, nimesikia.

Neno la mwisho. Wazee watasema baba hayupo, basi Simiyu asimame ajibu. Simiyu asijibu. Jibu wewe. Kama kasisi atasita, mwambie ndivyo baba alivyoandika. Nilizungumza na Baba Wambui, na siku ya Pasaka, kengele ya kwetu ikikaribia kulia, tutashuka mferejini. Siku hiyo hakuna kahawa, lakini maji yapo. Wambui atashika kibuyu, mzee atauliza, nami nitajibu kwa nguvu zangu zote.

Kwa hiyo kasisi akiuliza huko ni nani anayemleta mtoto huyu, simama, useme, usikike hadi nje. Na ukishasema, usiketi upesi. Simama kidogo, unipe nafasi na mimi nimalize.

Mumeo,
Enoka,
Baba Ezra na Damari.